Yule Tuliyemwita Dokta

Watoto wangu wote wanne walizaliwa mikononi mwa mtu mmoja, kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu hapa Kalemie. Ndiye aliyetutibu malaria, ndiye aliyemshona mume wangu mguu alipokatwa na bati. Tulimwita Dokta, naye aliitika.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu wa mwisho, anachemka kwa homa. Ndani nilimkuta mwanamke nisiyemjua, amevaa koti jeupe, akanyoosha mkono ampime. Nikamvuta mtoto kifuani. Nikamwambia, tena kwa ukali, kwamba mwanangu hashikwi na mwanafunzi, ninamsubiri Dokta.

Dokta wetu akatoka chumba cha dawa, macho chini.

"Mama, dokta njo huyu. Ametoka Lubumbashi kutukagua. Mimi niko muuguzi."

Nilimtazama kama mtu niliyekutana naye njiani. Muuguzi? Mimi niliyemvulia nguo miaka yote hiyo, niliyemwambia mambo ambayo hata mama yangu hayajui? Hasira zikanipanda. Nikamuuliza, mbele ya mgeni wake, kwa nini alitudanganya.

Yeye alikuwa ameshamwekea binti yangu kipimajoto kwapani.

"Ningewaambia, Mama, mungeenda kwa nani?"

Nikageuka kumtazama dokta wa kweli, labda yeye ana jibu. Alikuwa anakusanya karatasi zake, na nje pikipiki ya kumrudisha ilikuwa imeshawashwa.