Barua Pepe ya Kampuni

Jumanne nilipanga foleni katika ofisi moja ya umma hapa Meru. Mbele yangu alikuwa mama anayeuza njahi, yale maharagwe meusi, katika soko la Gakoromone, ambaye alikuwa anaomba kazi ya kupelekea shule maharagwe. Aliiweka simu yake juu ya kaunta kama anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Wiki iliyopita ulinirudisha," alimwambia karani. "Ulisema barua pepe yangu ni ile ya bure, ya watoto, nilete ya kampuni. Sasa angalia. Hii iko na jina la biashara yangu. Nimelipia mwaka mzima, na haikufika hata bei ya debe moja la njahi."

Karani aliinama, akasoma, akaridhika. "Hapo sawa, mama. Sasa unaonekana mtu wa biashara."

"Basi maombi nimeyatuma asubuhi. Yamefika?"

Karani alicheka kwa pua. "Ai, mama! Barua pepe yetu hatufungui. Mwenye paswadi alihamishwa Embu. Wewe chapisha, piga muhuri, ulete hapa kwa mkono."

"Na hamwezi kumpigia simu?"

Karani alichungulia juu ya bega la mama. "Anayefuata!"

Anayefuata nilikuwa mimi, na nilikuwa nimejaa hasira. Embu ni ng'ambo, jamani? Mama wa watu amehangaishwa atafute anwani ya heshima, aandikie sanduku lisilofunguliwa!

Niliinua macho nisimtukane mtu. Ukutani palikuwa na bango la ofisi, na chini yake anwani yao ya barua pepe.

Ni ile ya bure. Ya watoto.