Nilivyogawa Kikokotoo Changu

Siku matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka, nilizima simu. Nilikuwa na hakika kwamba fizikia imeniangusha, kwa sababu kwenye swali la transfoma nilifuta jibu, nikaweka lingine, kisha nikarudisha la kwanza. Nilizunguka mtaa wa Bel-Air mpaka miguu ikachoka, ndipo nikarudi kwetu Ruashi.

Niliwakuta wote sebuleni wamesimama kimya, mikono nyuma, kama wanaopokea maiti. Mama alikuwa na machozi. Sikungoja kuhukumiwa. Nilimwomba baba msamaha, nikatangaza kwamba habari ya kusomea uinjinia chuo kikuu imekwisha, na kwamba kesho naanza kujifunza kuchomelea vyuma kwa jirani. Ili waone sitanii, nikatoa kikokotoo changu, nikamnyooshea mdogo wangu Grâce, ambaye kwa heshima huniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Chukua. Labda wewe utafaa."

Grâce alileta mbele mkono mmoja kukipokea, nao ulikuwa mweupe kwa poda. Kwetu poda humwagiwa aliyefaulu tu.

"Umeisha kusema?" baba akauliza. "Tunakupigia simu tangu asubuhi. Ulipita, hata ile fizikia yako."

Poda ikaniangukia kutoka kila upande. Nililia, nikacheka, nikaimeza. Nilipopata pumzi nikamwambia Grâce anirudishie kikokotoo, maana chuoni nitakihitaji.

Alikuwa ameshakitia mfukoni.

"Hapana, yaya. Ulinipa mbele ya bantu bote."