Mgeni Mmoja kwa Kadi

Wenzake kazini walimpachika jina la Komeo, naye hakulichukia. Alikuwa mpokea wageni kwenye mlango wa launji ya uwanja wa ndege, ule ukumbi wa viti vya ngozi na chakula cha bure wanamopumzika wasafiri wa daraja la juu, pamoja na wale wanaosafiri kila kukicha mpaka shirika likawapa kadi. Kazi yake ilikuwa kuangalia kadi, kutabasamu, na kusema ndiyo au hapana. Kwa ndiyo zake hakuna aliyemkumbuka. Hapana ndizo zilizompa jina.

Masharti yalikuwa yamemkaa kichwani. Kadi ya fedha, mwenyewe peke yake. Kadi ya dhahabu, mwenyewe na mgeni mmoja, na mgeni huyo awe anapanda ndege ileile. Mtoto aliyekwisha kutembea, naye ni mgeni. Kulipia mlangoni kulishafutwa. Mfanyakazi haingizi ndugu yake, hata kwa kwenda msalani tu. Wakili mmoja aliwahi kumtolea vifungu vya sheria, bibi harusi mmoja akamlilia mpaka wanja ukashuka hadi kidevuni. Wote walikaa nje.

Kaka yake mkubwa alikuwa na kadi ya dhahabu. Alikuwa fundi wa mashine za hospitali, leo nchi hii kesho ile, na aliishi ng'ambo na mkewe. Mama yao, tangu baba afariki, alikuwa akikaa na Komeo kwenye vyumba viwili vya kupanga. Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, kaka akapiga simu kwa ndugu wote akatangaza kwamba anakuja kumchukua. Mama hakuulizwa. Komeo naye hakuulizwa. Aliambiwa tu amwandalie begi.

Wifi yake, aliyekuja pamoja na kaka, alikuwa atangulie kurudi, kwa hiyo hesabu ilikaa sawa: kaka na kadi yake, mama mgeni wake. Komeo akafurahi kama mtoto. "Mama, hatimaye utapaona ninapofanya kazi," alimwambia huku akimsuka. "Kuna kiti mle ndani ukikikalia hutaki kuinuka."

"Na wewe utakuwa umesimama?" mama akauliza.

"Mimi ndiye mwenye mlango, Mama."

Walipotokea mbele ya meza yake walikuwa watatu. Wifi alikuwa ameahirisha safari ili amalize manunuzi yake, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia Komeo. Kaka akatoa kadi na pasi tatu za kupandia ndege, akaziweka mezani kama mtu anayeweka funguo nyumbani kwake.

"Kadi inachukua mgeni mmoja, kaka," Komeo akasema kwa sauti ya chini.

"Najua. Lakini si uko wewe?"

Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza. Juu ya meza kulikuwa na kamera, na ndani mkubwa wa zamu alikuwa akipita kati ya viti. "Siwezi. Wananiona."

Kaka akamtazama mkewe. Mkewe akatazama simu yake.

"Basi Mama atakaa pale nje," kaka akasema. "Kwanza hata hajui ndani kuna nini."

"Ingia na Mama. Wifi ndiye asubiri."

Hapo wifi akainua macho. "Miguu yangu imevimba, wifi yangu. Halafu nina simu ya kikazi."

Mama alikuwa amekumbatia begi lake kifuani. "Nendeni, nendeni," akasema upesi, kama vile yeye ndiye aliyeleta ugomvi. "Mimi nakaa popote."

Komeo akachukua pasi ya wifi, akaipitisha kwenye mashine. Taa ya kijani ikawaka. "Karibuni sana," akasema, maana ndivyo inavyosemwa.

Mama akakaa kwenye kiti cha chuma karibu na vyoo. Kila macho yao yalipokutana kupitia kioo cha mlango, mama alitabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa baya kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa pale mlangoni.

Foleni ilipokatika alimwomba mwenzake amshikie meza, akatoka mbio. "Mama, inuka. Kuna mlango wa nyuma, wanakopita wafagiaji."

"Wakikuona?"

"Wakiniona, wameniona."

Mama akamshika mkono, akaupapasa. "Kaa na kazi yako, mwanangu. Kiti hiki nimeshakizoea."

Komeo angeweza kumvuta. Angeweza kubishana naye, kama walivyobishana miaka yote juu ya dawa na chumvi. Lakini alipolisikia lile neno, kitu cha kwanza kilichomshukia moyoni kilikuwa nafuu. Aliona nafuu kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aibu ilikuja baadaye, ikakuta nafuu imeshakaa. Akamwekea mama mtandio vizuri, akarudi mlangoni.

Saa ya kuondoka ilipofika kaka alitoka na biskuti amezifunga kwenye karatasi ya kupangusia mikono. Kutoa chakula nje ni marufuku. Komeo aliziona, akaziacha zipite. "Si unaona, Mama, sijakusahau," kaka akasema. Mama akamshukuru kwa sauti kubwa, watu wote wasikie.

Hazikupita siku nyingi, mama mdogo akampigia Komeo simu. "Ni kweli ulimfungia mama yako mlango? Kaka yako ametueleza wote. Anasema alikubembeleza mpaka akachoka."

Komeo akakata simu. Alimpigia mama mwenyewe. Nyuma ya sauti ya mama ilisikika ya wifi, na vyombo vikioshwa.

"Mama, umesikia wanavyosema?"

"Nimesikia."

"Na hukuwaambia ilivyokuwa?"

Mama alingoja mpaka vyombo viliponyamaza na mlango ukafungwa. Kisha akanong'ona, "Niseme nini, mwanangu? Huku ninakaa kwa kaka yako. Wewe najua utanisamehe. Yule sina hakika naye."

Komeo alikaa kitandani, kwenye upande uliokuwa wa mama, sare ya kazi bado mwilini.

"Sawa, Mama," akasema. "Umekula?"