Fundi wa Mashimo Aliyekosa wa Kumshikia Kamba

Saa moja asubuhi, jua bado halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Makiso, Hemedi Amuri anapiga magoti nyuma ya nyumba na kuubandua mfuniko wa zege kwa mtaimbo. Harufu inatoka kabla mfuniko haujafunguka wote. Hageuzi uso. Anasema Bismillahi kwa sauti ndogo, anakaa pembeni na kungoja shimo lipumue.

"Hewa ya mule ndani haina rangi," anasema. "Inakulewesha kama pombe, halafu unalala. Ukilala, iko mwisho."

Shimo hili linapokea maji machafu ya choo, bafu na jiko. Lina vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta. Uchafu mzito unatua chini katika chumba cha kwanza, maji yanapita kwenda cha pili, kisha yanatoka kwa bomba na kuzama ardhini. Likitunzwa, mwenye nyumba anaweza kulisahau kwa miaka. Tope la chini likijaa, maji yanarudi ndani ya nyumba.

Ndivyo yalivyorudi kwa Mama Florentine, mke wa mwalimu, aliyehamia hapa baada ya uhuru, Wabelgiji wenye nyumba walipoondoka. Anatazama kutoka mlangoni, mikono kiunoni. Hemedi anashusha ndoo yenye mpini mrefu na kuchota utando wa juu. Haingii ndani.

"Papa Hemedi, unakwaruza juu juu kama mtoto anayekula uji wa moto," anasema Florentine. "Harufu itarudi kabla wewe hujafika kwako."

"Tope iko chini, mama. Kule lazima mutu aingie."

"Basi ingia."

"Nani atashika kamba?"

"Mume wangu yupo."

"Bwana mwalimu ni mutu muzuri. Lakini jirani akipita, ataacha kamba aende kumsalimu."

Florentine anacheka, maana anamjua mumewe.

Hemedi ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa katika ukoo wa Waislamu wa mji huu, ambao mwaka jana ulibadilishiwa jina na kuitwa Kisangani. Alianza kama kibarua wa waashi, akaingia kwenye kazi ya mashimo kwa sababu wengine waliikataa. Kabla ya uasi wa mwaka 1964 alikuwa akiingia mashimo matatu kwa wiki. Tangu hapo hajaingia hata moja. Wateja wengi wamechoka na kazi ya juu juu, wamemwacha.

Kinachomzuia ni kukosa mtu mmoja. Kwa miaka kumi na miwili kamba yake ilishikwa na Lambert, Mkristo wa mtaa wa Mangobo, rafiki yake.

Walikuwa na desturi yao. Aliye chini hakuruhusiwa kunyamaza. Alitaja kwa sauti vituo vya meli kwenye mto, kutoka hapa kuteremka: Yangambi, Isangi, Barumbu, Basoko, Bumba, na kuendelea hadi mji mkuu, Léopoldville. Aliye juu aliitikia kila jina. Aliye chini akiruka kituo, ilikuwa dalili kwamba hewa imemlevya, na kamba ilivutwa mara moja.

"Siku moja niliruka Isangi kwa mchezo," anasema Hemedi. "Lambert akanivuta mpaka mbavu zikaniuma. Akaniambia, 'Bon, haya, sasa umefika Isangi, shuka.'"

Anatabasamu kidogo, kisha anaacha.

Agosti 1964, waasi walipouteka mji, walianza kuwasaka makarani wa serikali na ndugu zao. Kaka yake Lambert alikuwa karani wa kodi. Hemedi alimficha rafiki yake katika shimo jipya, kavu, la nyumba ambayo haikumalizika kujengwa. Aliuvuta mfuniko, akaacha upenyo wa hewa na kuufunika kwa matawi. Kila alipopeleka chakula alinong'ona, "Yangambi." Chini aliitikiwa.

Chakula kilipokwisha, Hemedi alivuka mto kwenda Lubunga kutafuta mihogo kwa dada yake. Siku ileile waasi walifunga kivuko na kuichukua mitumbwi. Alikaa ng'ambo zaidi ya wiki, mihogo mkononi, akiutazama mji. Aliporudi, mfuniko ulikuwa umesukumwa kando na shimo lilikuwa tupu.

Lambert alikuwa ameusukuma mfuniko kwa mgongo wake, akatoka na kutembea hadi msitu wa Masako, ambako wakulima walimhifadhi. Mji ulipotulia, alirudi. Hemedi amekwenda kwake mara mbili. Mara zote mbili, alipopiga hodi, Lambert alitoka kwa mlango wa nyuma akaondoka.

"Anaona nilimwacha afe," anasema Hemedi. "Sina hasira naye. Lakini ninyi waandishi hatawakimbia. Mkipita Mangobo, mumuulize mimi nifanye nini ili anisamehe."

Mwandishi wa habari hizi alimkuta Lambert akitengeneza baiskeli uwanjani, mbali na ukuta wowote. Jirani zake wanasema hata mvua ikinyesha haingii ndani mpaka alowe. Aliposikia jina la Hemedi, aliweka spana chini.

"Nani amesema nina hasira?" aliuliza. "Najua alikwenda kutafuta chakula. Namuombea kila jioni, yeye na watoto wake."

Aliiokota spana tena, akakaza nati moja.

"Mule ndani nilitaja vituo vyote mpaka Léopoldville. Nikarudi tena kwa kupanda. Hakuna aliyeitikia. Sasa nikisikia sauti yake, hata akisema hodi tu, niko mule tena. Hemedi iko mutu yuleyule, rafiki yangu wa zamani. Ni ile sauti tu. Mumwambie polepole, asiumie."

Hemedi alipoelezwa maneno hayo alikuwa akiosha ndoo. Aliendelea kuiosha muda mrefu, ingawa ilikuwa imekwisha takata.

"Donc, kumbe nilikuwa namtesa," alisema mwishowe. "Kila nilipopiga hodi, nilikuwa namrudisha."

Sasa ana mpango. Mkewe, Zaina, amesema atashika kamba yeye, na asiyependa kuona mwanamke kwenye kazi hiyo atazame pengine. Ameanza kujifunza majina ya vituo jikoni, na tayari anamgombeza mumewe anapovitaja haraka. Wakiwa tayari wataanza na shimo la Mama Florentine.

Kuhusu Lambert, Hemedi hatakwenda tena nyumbani kwake. Atapita barabara ya uwanja ule kila Ijumaa baada ya sala, upande wa pili, ambako Lambert akiinua macho atamwona vizuri.

"Nitamuinulia mkono," anasema. "Akiinua wake, Alhamdulillahi. Neno sitasema."