Mate ya Akuj Hayafiki Lodwar

Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya kwanza, miaka ya sabini, nikikaa na nyanya yangu nje kidogo ya Lodwar. Mama alikuwa amekufa. Baba alikuwa amepanda milima ya Loima na mbuzi wetu wote, maana huku chini ukame haukuacha hata jani. Aliniambia atarudi mvua ikinyesha. Hakuniambia mvua ya wapi.

Boma likabaki na watu wawili na mbwa mvivu wa kubweka. Mchana hakupita mtu. Nikazoea kuongea na kivuli changu, mpaka nyanya akanikemea: "Hicho hakikujibu. Na siku kikikujibu, utakimbia."

Alasiri moja wingu jeusi likakalia Loima. Lilipoondoka, kilele kilikuwa cheupe. Weupe wa namna hiyo nilikuwa nimeuona Kataboi tu, ziwani, pale magadi yanapokauka ufukweni. Nikapiga kelele, "Nyanya, mlimani kuna magadi!"

"Magadi gani yanaanguka kutoka juu, wewe? Hayo ni mate ya Akuj."

Akuj ndiye Mungu wetu. Na kwetu mzee akikupenda hujaza maji kinywani akakupulizia mwilini, hiyo ni baraka, kwa hiyo sikuona kinyaa. Niliona wivu.

"Mbona Akuj hatutemei sisi?"

"Anatutemea. Yanatoka kinywani mwake baridi, magumu kama kokoto. Walio juu wako karibu, yanawafikia mazima. Sisi tuko chini, joto linayala njiani."

Kisha akanieleza jambo ambalo afadhali asingenieleza. Aliye mlimani akikumbuka nyumbani, huuokota weupe ule na kuwapelekea watu wake. Mkubwa wa boma huwapulizia wote, halafu huacha funda moja chomboni, la yule ambaye hayupo. Funda hilo humvuta mpaka arudi.

Nikahamia mlangoni pa boma. Nilikula hapo, nikasinzia hapo.

Aliyekuja ni Ekai, binamu ya baba, waliyechunga naye. Alifika jua la utosi, kibuyu begani.

"Ejok, mama," akasalimu.

"Ejok. Umekonda kama fimbo yako. Mwanangu yuko wapi?"

Ekai alinitazama mimi, akatazama kibuyu. "Amemtumia mtoto weupe wa mlima."

Nikachungulia. Maji matupu, na inzi mmoja aliyekufa. "Weupe uko wapi?"

"Uliona Lodwar, ukaogopa," akasema, akacheka peke yake.

Nyanya akamvuta hadi kwenye zizi lililokuwa tupu. Sikusikia maneno yao. Nilimwona Ekai akichora mchangani kwa fimbo: duara moja, halafu duara jingine mbali kidogo. Nyanya akayafuta yote mawili kwa mguu.

Akarudi, akaniita, akajaza kinywa. Akanipulizia usoni. Akajaza tena, kifuani. Tena, miguuni. Aliendelea hivyo mpaka kibuyu kikageuzwa mdomo chini na hakikudondosha kitu.

"Na la Baba?" nikalia. "Hukumwachia Baba!"

"Baba yako ameshalowa," akasema. "Nenda kalete kuni."

Baba hakurudi. Mvua ilinyesha mwaka uliofuata, mto Turkwel ukajaa, na hakurudi. Nami sikuwa na shaka ni nani aliyemzuia. Nilikula chakula cha nyanya, nikalala karibu na mgongo wake, na kwa miaka sikumwambia neno ambalo halikuwa la lazima. Boma la watu wawili, na mmoja hasemi. Hata mbwa alihamia kwa jirani.

Ekai ndiye aliyenieleza, nikiwa tayari na watoto wangu, tulipokutana sokoni Lodwar. Duara la kwanza lilikuwa boma letu. La pili lilikuwa la mwanamke wa kule juu, ambaye watu wake walimpokea baba na mbuzi wake. Baba alikuwa amemwagiza Ekai aseme wazi: hateremki.

Nyanya alisikia hayo juu ya mtoto aliyemzaa yeye, mimi nikimtazama, na mkononi hakuwa na kitu ila maji. Angeweza kuacha lile funda. Ningekaa mlangoni mpaka nitoke mvi. Akaona heri nimchukie yeye kuliko nimngoje yule. Alikufa kabla sijamjua hivyo, na sidhani angetaka shukrani. Angeuliza kuni ziko wapi.

Juzi hapa Kakuma mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na habari kwamba kuna majangwa yenye miji iliyo juu sana, na huko theluji huanguka, kwa kuwa hewa ya juu ni baridi. Huku chini joto huiyeyusha kabla haijagusa ardhi. Akaniuliza kama naamini. Nikamwambia naamini, aoshe miguu ale.

Vilima vya huku si vile vya Loima. Lakini wingu jeusi likivikalia, nageuka kutazama. Simngoji mtu. Ni shingo tu imezoea.