Kunde Safi za Mama

Mimi hasira zangu ziko karibu, kwetu Nuu wanalijua hilo. Nilipompigia mama simu kutoka ng'ambo, alijua mambo ni mabaya kabla sijamaliza salamu.

Utafiti wangu ni wa fukusi, yule mdudu anayetoboa kunde. Nilitaka kuona jinsi buu lake linavyochimba njia ndani ya punje. Mtambo wa kuonyesha hayo unaitwa sinkrotroni: jengo la mviringo, kubwa kuliko soko lote la Kikima, lenye eksirei kali inayoona kishimo chembamba kuliko unywele bila kuipasua punje. Niliomba zamu, nikangoja weee, mwishowe nikapewa siku moja tu. Kabla ya kusafiri nilimwomba mama anifungie kunde za lile debe la jikoni lililoingiwa na fukusi. Punje yenye buu changa huonekana nzima kwa nje, kwa hivyo sikushuku kitu.

Picha ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Kiini cha mbegu kilionekana kimejikunja kama mtoto mgongoni, lakini buu hakuna. Wenzangu walianza kutazamana. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, hizi kunde ulitoa wapi?"

"Kwani ziko na shida?"

"Hazina fukusi hata mmoja!"

"Asante Mungu," akasema. "Sasa ningeacha wazungu waone wadudu wa nyumba yangu? Nilikubadilishia."

Nikamfokea. Nikamwambia ameniaibisha mbele ya watu.

"Na mimi sikutaka uaibike, mwanangu," akasema.

Nilirudi nyumbani mvua ikiwa imeshanyesha. Shamba la jirani lilikuwa kijani tupu. Letu lilikuwa na mche hapa, mche kule, na katikati udongo mtupu. Nikamwuliza, bado na ule ukali wangu, kwani alipanda nini.

"Zile za debe."

"Aiya, mama! Zimeliwa kiini, zitaotaje? Na mbegu safi ulizoweka ziko wapi?"

Akanitazama kwa huruma, ati mimi ndiye wa kuhurumiwa.

"Si ulienda nazo."

Aibu iliyonishika hapo, ile ya kwenye mtambo ilikuwa mchezo.