Mrija Mkavu wa Léonard

Si kweli kwamba Léonard Hakorimana alitiliwa sumu na mke wake. Adelaïde alipotoa kasiksi, pombe ya ndizi, aliionja kwanza mbele ya wageni, kama desturi inavyotaka huku Masisi. Wanaume wakanywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na hakuna aliyeumwa.

Léonard naye alishika mrija wake tu, hakuvuta. Tangu vurugu za 1964, majirani walipouana, alikuwa amekiacha chungu cha wenzake kwa kuogopa sumu. Kila asubuhi, kabla ya kula, alikunywa kanyanga, pombe kali ya kupika, peke yake migombani. Majirani wawili waliokunywa hivyo walizikwa kiangazi kilekile alichokufa Léonard, macho ya manjano, matumbo yamevimba. Waliobaki kwenye chungu wangali wanalima maharage.

Kwenye matanga, Sidonie, dada wa marehemu, alisema kwa sauti: “Mama Adelaïde, kama haiko sumu, njo nini iliua kaka yangu?”

Akinyamaza, yeye ni muuaji. Akisema, marehemu ni mlevi. Adelaïde hakulia.

“Kanyanga, dada. Murija wake ulikuwa mukavu. Siongezi neno.”